Kipimo cha Mshenga

Kipimo hakuitwa Kipimo na mama yake. Jina hilo alipewa kiwandani, mwaka wake wa kwanza tu, kwa sababu alikuwa akipima kila kitu. Alipima plastiki, sawa, hiyo ndiyo kazi aliyoajiriwa. Lakini alipima pia sukari kwenye vikombe vya wenzake, akapima hatua kutoka langoni hadi kwenye mashine (mia moja na kumi na nne, wakati wa mvua mia moja na ishirini, kwa ajili ya kuzunguka dimbwi), na siku moja akapima viatu vya bosi, kimoja kimoja, bosi mwenyewe akiwa amesimama na soksi, kwa sababu bosi alilalamika kwamba kiatu kimoja kinamlemea. Kilikuwa kinamlemea kweli. Kilizidi gramu kumi na mbili. Basi jina likaganda, na hata mkewe akawa anamwita hivyo akitaka kumchokoza.

Kiwanda chenyewe msikipe ukubwa kisio nao. Ni banda refu la mabati. Mbele yanaingia magunia ya plastiki iliyokwisha kufanya kazi yake duniani, nyuma zinatoka ndoo. Katikati kuna mashine ya kusaga, pipa la kuoshea, mashine ya kuyeyushia, na Kipimo.

Sasa nisikilizeni hapa, maana ndipo watu wengi wanapodanganyika. Plastiki si moja. Pale kiwandani waliigawa mara mbili wakamaliza: laini na ngumu. Laini ni ile ya mifuko na chupa za sabuni. Ukiikwaruza kwa ukucha inakubali. Ngumu ni ile ya viti na makopo ya siagi. Ukucha unateleza, na ukiikunja inaweka mstari mweupe. Zote mbili huelea majini, zote huyeyuka, na zikishasagwa hata aliyezizaa hawezi kuzitofautisha. Ukiziyeyusha pamoja unapata uji mmoja mzuri, unasema, ah, hawa wameelewana. Ngoja upoe! Ndoo inatoka inang'aa, unaijaza maji, siku ya tatu inaanza kubanduka tabaka kwa tabaka kama kitunguu. Kumbe ndani ya ule uji kila mmoja alijikalia kivyake, vitone vitone, hamtaki mwenzake. Hawakuchanganyika hata dakika moja. Walikuwa wamepanga nyumba moja tu.

Dawa yake ni punje nyeupe zinazokuja kwenye magunia madogo. Jina lake halisi limeandikwa kwenye gunia, ni refu kupita kiasi, msimamizi wa zamani alijaribu kulisoma mara tatu, akashindwa, akasema, "Huyu ni mshenga tu." Na kweli ni mshenga. Punje hizo zina tabia mbili: upande mmoja unapatana na laini, upande wa pili unapatana na ngumu. Kwenye ule uji mshenga anakwenda kusimama mpakani, mkono mmoja huku, mkono mmoja kule, anawashika. Wale wawili hawapendani hata kidogo. Wameshikwa tu, na ndoo inatosheka na hilo. Unatia kilo tatu kwenye kilo mia. Mtu wa kupima hizo tatu alikuwa Kipimo, kwa miaka kumi na tisa.

Hiyo ndiyo kazi yake. Nyumbani alikuwa na kazi ileile, ila huko hakuna aliyemfundisha.

Mkewe alikuwa karani wa posta, mwanamke mwenye kicheko cha kusikika nyumba ya tatu. Aliugua, akalazwa, akarudi nyumbani, akafariki. Ilikuwa miezi kumi na moja iliyopita. Watoto wao wawili walikwisha kuoa na kuolewa wakaenda zao, kwa hiyo nyumba ikabaki na Kipimo na mabibi wawili: mama yake mzazi, na mama mzazi wa marehemu, yaani mama mkwe wake. Wajukuu walipokuja kutembea waliwaita kwa vyumba vyao. Mama yake Kipimo ni Bibi Mbele. Mama mkwe ni Bibi Nyuma. Katikati ya vyumba hivyo kuna sebule, na sebuleni kuna Kipimo.

Bibi Mbele alikuwa fundi cherehani, miaka arobaini ya kukunja pindo, na ukucha wa kidole chake gumba ulikuwa mgumu kama kijiko. Ana redio. Bibi Nyuma alikuwa mpishi wa shule ya bweni, na pua yake ilijua maharage yanayotaka kuungua kabla maharage yenyewe hayajajua. Mkewe Kipimo alipokuwa hai, mabibi hawa waliongea kutwa nzima. Yeye ndiye aliyekuwa akiwachokonoa. Anawaita wote wawili jikoni: "Mama zangu, njooni mnikatie kesi, hii chumvi imezidi au haijazidi?" Wakishaingia, yeye anatoka. Wanabaki wanabishana nusu saa nzima, na wakitoka hapo wamechangamka. Chumvi yenyewe ilikuwa sawa siku zote.

Wiki ya pili baada ya mazishi, mabibi wakaacha kuzungumza. Kipimo hakujua kisa. Alimuuliza mama yake, akaambiwa, "Muulize mkweo." Alimuuliza mkwewe, akaambiwa, "Muulize mama yako." Akawa ndiye mpeleka maneno, kutoka chumba cha mbele kwenda cha nyuma na kurudi.

"Mwambie mkweo," atasema Bibi Mbele, "mlango wa choo si ngoma."

Kipimo anavuka sebule. Hatua tisa. "Mama anauliza, huo mlango haukusumbui?"

"Mwambie mama yako masikio yanayosikia mlango yasisikie redio, hayo ni masikio ya ajabu."

Hatua tisa kurudi. "Anasema atafunga taratibu."

Ndivyo alivyoishi, mwenzangu. Kila neno aliliosha njiani kabla ya kulifikisha. Aliwapaka wazazi wake mafuta kwa mgongo wa chupa, kutwa mara sita au saba, na kila walivyozidi kununiana ndivyo alivyozidi kulainisha. Mwisho ikawa mabibi wanaletewa salamu nzuri tupu na bado hawaongei, jambo ambalo Kipimo hakulielewa kabisa.

Basi Jumatatu moja asubuhi alikuwa anakunywa chai, Bibi Nyuma akasimama mlangoni mwa jikoni.

"Mkwe wangu, mwanangu anakuja Jumamosi kunichukua. Nakwenda kukaa kwake."

"Kukaa siku ngapi, mama?"

"Kukaa."

Kipimo akakoroga chai. Hakuwa ametia sukari.

"Mwambie mama yako nampisha. Nyumba yote yake, aijaze redio mpaka darini."

Hapa lazima niwaambie kitu ambacho Kipimo hakumwambia mtu. Kila asubuhi, kabla ya kutoka chumbani, Bibi Nyuma hukohoa mara mbili, kikohozi kifupi kikavu, kisha husema, "Haya." Anaianza siku. Mkewe Kipimo alikuwa akifanya vilevile, sauti ileile, mara mbili halafu "haya". Alirithi kwa mama yake na hakujua kama amerithi. Kwa miezi kumi na moja Kipimo alikuwa akiamka mapema na kulala kimya, anaingoja. Alimpenda mkewe, na sauti yake iliyobaki ilikuwa hiyo tu. Akiondoka yule bibi, anaondoka nayo. Kwa hiyo hakutaka aondoke. Alitaka kusema hivyo.

"Sawa, mama," akasema.

Akavuka sebule. Mama yake alikuwa anatafuta stesheni.

"Mama, mkwe anakwenda kumtembelea mwanawe Jumamosi."

Kumtembelea, eti! Ndivyo alivyosema. Hakuna aliyemtuma kusema kumtembelea.

"Vizuri," alisema Bibi Mbele. Redio ikakwaruza. "Mwambie asisahau miwani yake. Huwa anasahau miwani."

Hilo lilikuwa neno jema la kwanza kutoka chumba kile kwa miezi kumi na moja. Kipimo alizoea kupunguza makali ya maneno. Neno lisilo na makali hakujua alifanye nini. Lingemfanya Bibi Nyuma aulize maswali. Akaona bora alimeze. Akavaa viatu akaenda kazini.

Na kazini nako hali ilikuwa tete. Miezi minne nyuma waliletewa mashine mpya ya kuyeyushia. Ile ya zamani ilikuwa na mdomo mmoja, kila kitu kinamwagwa humo kwa pamoja. Hii ina midomo miwili, mmoja mwanzoni na mwingine mbele kidogo, na Kipimo ndiye aliyeamua nani aingilie wapi. Tangu hapo ndoo zikaanza kubanduka. Pale kiwandani ndoo hujaribiwa kwa njia ya kizamani: unaijaza maji, unaiweka juu ya ukuta wa nyuma, unaisukuma. Zilikuwa zinafika chini vipande vipande. Kipimo akaongeza mshenga, kutoka kilo tatu hadi tano. Zikapasuka. Akaongeza hadi nane. Ya kilo nane haikupasuka, ila ukiinyanyua inatepeta, masikio yanavutika, na maji yanamwagika kwenye viatu. Bosi aliitazama akasema hiyo si ndoo, hilo ni godoro.

Jumatano Injinia akaja kukaa naye. Alikuwa binti wa miaka ishirini na sita, mpya, mwenye daftari. Alikaa zamu nzima juu ya kreti akiandika, kisha akauliza:

"Mzee, mshenga unamtia wakati gani?"

"Mwanzo kabisa. Namtia na laini kwenye mdomo wa kwanza. Laini ikishaiva, ndiyo naifungulia ngumu mdomo wa pili."

"Kwa nini?"

"Ili wazoeane."

Injinia hakucheka, na kwa hilo Kipimo alimheshimu siku zote.

"Hapo ndipo shida ilipo, mzee. Akikaa na laini peke yake anamezwa, anakuwa mtu wa hukohuko. Ngumu ikija inamkuta hana tena mkono wa kuipa. Wewe unaona hafanyi kazi, unamwongeza mwingine, naye anamezwa. Sasa una laini iliyoshiba washenga, na ngumu iko palepale ilipokuwa. Mshenga hafanyi kazi kwa kutembelea mmoja mmoja. Inatakiwa awakute wote wawili ndani, na moto unawaka."

"Na kilo?"

"Tatu zinatosha. Lakini nipate kujua kwanza gunia la siku hizi, lile la vipande visivyochambulika, lina laini kiasi gani na ngumu kiasi gani. Nipimie."

Nipimie! Ni kama kumwambia mtoto akalambe sukari. Kipimo akachagua gunia moja la vipande ambavyo havijasagwa, vile vilivyowashinda wachambuaji wa langoni: vifuniko visivyo na chapa, vipini, miguu ya viti, masikio ya ndoo za zamani. Akaomba ruhusa aende nalo nyumbani. Njia ya uhakika ya kujua kipande ni kukichoma kidogo kwa kiberiti na kunusa, na pale kiwandani hakuna pua inayofanya kazi. Banda zima linanuka plastiki, na mashati ya watu yananuka plastiki mpaka siku ya kuzikwa.

Msije mkamsingizia kwamba alikuwa na mpango. Mimi namjua. Alikuwa akiwaza gunia.

Alhamisi saa kumi na moja jioni akatandika shuka kuukuu katikati ya sebule, penye mwanga, akamimina. Kelele ikawa kubwa. Bibi Mbele akatoka kwa ajili ya kelele. Kipimo akachukua kifuniko, akakichoma ukingo, akanusa. Bibi Nyuma akatoka kwa ajili ya harufu.

"We Kipimo, unatuchomea nyumba?" aliuliza mama yake.

Akawaeleza. Laini inakubali ukucha, ngumu haikubali. Laini ikiungua inanuka mshumaa uliozimwa. Ngumu nayo inanuka mshumaa, lakini nyuma yake kuna kitu kikali, kama mafuta ya gari. Bibi Mbele hakungoja amalize. Alivuta kigoda, akaokota kipande, akakipitishia kidole gumba.

"Laini," alisema, akatupa kushoto. "Laini. Ngumu. Laini. Hivi ndivyo wanavyowalipa mshahara?"

Alikuwa na kasi kuliko Kipimo mara tatu. Bibi Nyuma alisimama mlangoni mwa chumba chake, mikono kifuani.

"Mwambie mama yako," alisema, "hicho cha bluu alichotupa kushoto si laini. Nakisikia kutoka hapa."

"Mwambie mkweo," alisema Bibi Mbele bila kugeuka, "mwenye kazi amekaa, msemaji amesimama."

Kipimo alikuwa kati yao, amepiga magoti, njiti imewaka mkononi. Akageukia huku apeleke, akageukia kule arudishe, akawa anatafuta namna ya kulilainisha hilo la msemaji, na njiti ikamfikia kidoleni.

"Yallah!" akaruka, akakimbilia jikoni kutia kidole kwenye bakuli la maji.

Sebuleni kukawa kimya. Kipimo alihesabu hadi thelathini na nne. Kisha akasikia kigoda cha pili kikiburutwa, na kiberiti.

"Nusa," ilisema sauti ya Bibi Nyuma. "Hayo si mafuta ya gari?"

"Ukucha wangu unasema laini."

"Ukucha wako una miaka sabini na nne."

"Na pua yako ilizaliwa juzi?"

"Pua yangu imelisha watoto mia tatu kwa siku, bibi wee, na hajaungua hata mmoja."

Kipimo aliacha kidole kwenye maji. Kilikuwa kimeshapoa. Akabaki amesimama hapohapo kama mwizi ndani ya nyumba yake.

"Haya, weka kulia," alisema Bibi Mbele. "Ukirudi kutoka kwa mwanao tutakichoma tena, tuone."

"Nikirudi? Nani kakwambia narudi?"

"Si unakwenda kutembea?"

"Kutembea! Nahama mimi."

"Unahama?"

"Nilimtuma akwambie nakupisha."

"Mimi nimeambiwa unatembea. Nikasema usisahau miwani."

"Miwani gani? Sijaletewa miwani yoyote."

Halafu wote wawili, kwa pumzi moja, wakaita:

"Kipimo!"

Hakwenda. Ana miaka hamsini na mbili, ana wajukuu, na hakwenda. Alisimama na bakuli lake nyuma ya mlango wa jikoni akitazama msumari mtupu uliopigwa pale kwa ndani, ambapo zamani palikuwa na gauni la mkewe la kuvaa nyumbani, la kijani.

"Unahama kwa nini?" aliuliza Bibi Mbele. Sauti yake ilikuwa imeshuka.

"Wewe hujui?"

"Ningejua ningeuliza?"

"Gauni," alisema Bibi Nyuma.

"Gauni lipi?"

"La mwanangu. La kijani. Lilikuwa linaning'inia jikoni. Kila siku nikiingia humo nilikuwa nalishika nalinusa kwanza, ndipo nabandika chai. Siku moja naingia, nalikuta limekunjwa juu ya meza. Limefuliwa. Limepigwa pasi. Linanuka sabuni."

Kipimo akalikumbuka lile gauni lililokunjwa. Alilikumbuka vizuri. Aliliona juu ya meza siku ile na alichowaza ni kwamba mama yake bado anajua kupiga pasi.

"Lilikuwa linanuka dawa," alisema Bibi Mbele. "Zile dawa za hospitali. Nikasema mama wa watu asije akamkumbuka mwanawe kwa dawa. Nikalifua kwa mkono, polepole. Nililia mpaka nikashindwa kulikamua."

"Lilikuwa linanuka dawa," alisema Bibi Nyuma. "Najua. Na yeye alikuwemo, chini ya dawa. Nilikuwa bado nampata."

Mwenzangu, Kipimo alilia pale jikoni, na sitalipamba hilo. Alilia kwa sauti, kidole kwenye bakuli. Alipotoka aliwakuta mabibi wote wawili wanalia pia, kila mmoja ameshika kipande cha plastiki. Akakaa chini kwenye shuka.

"Mama," alimwambia Bibi Nyuma, na safari hii hakuosha neno. "Usiende. Asubuhi unakohoa mara mbili, halafu unasema 'haya'. Yeye alikuwa akifanya hivyohivyo. Mimi naamka nikusikilize."

"Nani, mimi?"

"Wewe."

Bibi Nyuma akamtazama kama amesingiziwa.

"Ni kweli," alisema Bibi Mbele, akifuta macho kwa kiganja. "Unakohoa hivyo. Mimi redio huwa naizima kwanza nikusikie, ndipo naifungua."

Kisha Bibi Nyuma akasema gari limeshapangwa na mwanawe ameshaomba ruhusa kazini, akaingia chumbani kwake. Mlango aliufunga taratibu.

Ijumaa Kipimo akampelekea Injinia hesabu. Nusu ya gunia ilikuwa imechambuliwa: katika kila mia, laini sitini na mbili, ngumu thelathini na nane. Injinia akasema inatosha, nusu nyingine haina haja. Wakatia laini na ngumu mdomo mmoja, moto ukapanda, wote wawili wakawa uji, ndipo Kipimo akamtia mshenga mdomo wa pili. Kilo tatu. Ndoo ilipopoa akaijaza maji mwenyewe, akaiweka juu ya ukuta, akaisukuma. Ilidunda, ikabingirika, ikamwaga maji yote kwenye viatu vya bosi, ikasimama nzima.

"Umefanya nini?" aliuliza bosi, akikung'uta mguu ule mzito.

"Nimewatia pamoja."

"Miezi minne ulikuwa unafanya nini?"

"Nilikuwa namtembeza mmoja mmoja," alisema Kipimo, na bosi akaona hapo hapana la kuongeza.

Aliporudi nyumbani shuka lilikuwa bado sebuleni, na nusu ya gunia bado imelundikana katikati, na vigoda viwili. Mabibi walikuwa vyumbani. Kilichobaki kilikuwa kuwaambia kwamba kazi imekwisha, Injinia amesema inatosha, kisha aliondoe gunia. Aliwaza njia nzima namna ya kulisema hilo. Mwisho akaona alimeze.

Jumamosi saa nne asubuhi shemeji yake akafika, yule mtoto wa kiume wa Bibi Nyuma, mtu mnene mwenye haraka, aliyeazima gari na kutakiwa alirudishe saa nane. Kipimo alimpokea nje, wakaulizana hali, na kwa kuwa begi lilikuwa limeshawekwa barazani, shemeji akalitia kwenye gari. Wakaingia ndani kumchukua mama.

Mabibi walikuwa sebuleni, mmoja upande huu wa shuka, mmoja upande ule. Bibi Nyuma alivaa nguo za safari. Miwani alikuwa nayo usoni. Mkononi alikuwa na mguu wa kiti, na njiti inayowaka.

"Hiki," alisema.

"Ngumu," alisema Bibi Mbele.

"Ngumu. Tupa."

"Mama, tumechelewa," alisema shemeji. "Twende."

Bibi Nyuma hakuinuka. Alipuliza njiti, akatazama lile lundo, akatazama mikono yake. Kipimo alikuwa na la kusema na hakuwa na wa kumtuma.

Bibi Mbele alikuwa ameinama, anatafuta kipande chini ya shuka. Hakuinua kichwa.

"Mwambie mwanao," alimwambia Bibi Nyuma, "gunia halijaisha."

Shemeji akageuka kumtazama Kipimo, kama watu wote wanavyofanya wakitaka kuelezwa kinachoendelea katika nyumba ile. Kipimo hakueleza. Bibi Nyuma alikohoa mara mbili.

"Haya," alisema, akamtazama mwanawe juu ya miwani. "Umesikia."

Kisha akanyoosha mkono, na Bibi Mbele akampa kiberiti. Hakuna aliyemtuma Kipimo popote. Akatoka nje, hatua kumi na saba, akalitoa begi garini.